Nyumba ya Beringi

Ilianza tukitoka Makambako:
mvumo mdogo chini ya miguu yetu,
kama mtu anayesaga mahindi chumba cha pili.
Nikakata kona ya kulia, ukapanda.
Nikakata ya kushoto, ukafifia.
Basi mgonjwa ni tairi la kushoto;
chuma hulalamika pale kinapoegemewa.
Sekunda hakuuliza. Ilikuwa siku ya tatu
hatuulizani kitu.

(Hela ya mbegu za viazi. Nilimpa kaka yangu Enea
bila kumwambia. Nalitaja mara moja tu.)

Fundi wa Mjimwema alitaka laki na nusu.
Nikanunua beringi peke yake, ya Japani,
au ndivyo boksi lisemavyo,
nikaifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni,
nikailaza nje, juu ya bati la banda la kuku,
maana mwezi wa saba Njombe haina haja ya jokofu.
Alfajiri sakitu ilikuwa imeyatia mvi makabichi
na mfuko ulikwaruza vidole kama msasa.

Kwanza nati ya shafti, gari likiwa bado chini.
Namba thelathini. Iligoma.
Nikachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana,
nikaning'inia na kilo zangu zote sabini na moja.
Wapi.
Sekunda akatoka na ndoo ya pumba,
akanitazama nikibembea,
akaitua ndoo, akaja kuning'inia na yeye.
Nati ikatoa ukelele, tukaanguka wote
kwenye majani yenye barafu.
Hakucheka. Nami nikajizuia.
"Endelea," akasema.

Jeki. Jiwe nyuma ya tairi la nyuma, kisha jiwe jingine.
Kalipa nikaifunga kwa waya
isije ikaning'inia kwa mrija wake wa breki.
Diski ikatoka. Habu ikatoka kwa matusi.
Beringi ya zamani nikaigonga mpaka ikaachia:
gololi zina makovu kama ya ndui,
grisi imekuwa uji wa ulezi wenye mchanga.
Humu ndimo kilio kilimokuwa kikiishi.

Sasa nilihitaji moto, na moto ulikuwa na maharage.
Nikasimama mlangoni, nimekumbata nyumba ya beringi,
chuma kizito kinachonuka kutu, kama mwombaji.
Aliteremsha sufuria kwa pindo la khanga,
mchuzi ukamwagika kidogo juu ya mkaa,
akapepea kwa mfuniko.

Nyumba ikipashwa moto hutanuka.
Beringi iliyolala kwenye sakitu imenywea.
Tofauti yake unywele,
lakini unywele unatosha.
Sekunda akalamba kidole, akakigusisha kwenye chuma
kama apimavyo pasi ya mkaa.
Tss.
"Imeiva."

Ikaingia yenyewe. Tup.
Nyundo nilikuwa nayo mkononi,
nimekwisha kuinyanyua.

Mengine yakarudi kwa mpangilio wa kinyume,
isipokuwa boliti moja niliyoitafuta nusu saa;
kuku alikuwa ameiatamia.

Jioni tukashuka mpaka Kibena, vioo vimefungwa.
Gari kimya.
Kimya kupita kiasi.
Siku zote zile mvumo ulikaa kati yetu kama abiria
mwenye maneno mengi, naye sasa ameshuka.
Nikaisikia pete yake ikigonga kishikio cha mlango.
Nikasikia ninavyomeza mate.
Nikakata kulia, nikakata kushoto, bila sababu,
chai ikiyumba huku na huku mashambani,
labda litabaki lalamiko dogo la kuzungumzia.
Halikubaki.

"Enea," nikaanza.

"Gari lako linanuka maharage," akasema.

Nikanusa. Kweli, linanuka,
ya kuungua, yenye kitunguu.
Nikapunguza mwendo.

"Haya," akasema, akitazama mbele.
"Enea kafanyaje?"