Mlango wa Mzinga

Kikombe kilikuwa cha plastiki, kifuniko chekundu,
ubavuni wameandika Mihamba.
Naitwa Mihambo. Sikusahihisha.
Afadhali huyo Mihamba ayabebe yeye majibu.

Mara ya kwanza, sifuri.
Baada ya wiki tatu nikarudi,
kijana wa maabara akaizungusha sampuli kwenye mashine
mpaka kilichomo kikatuama chini,
akainamia hadubini muda wa mtu kumaliza chai.
"Mzee, maji yapo. Mbegu sijaona hata moja."
Mzee! Nina miaka thelathini na minane.

Miaka saba Kalunde amekunywa mizizi,
michungu, ya kutapisha, ya kunywa ukitazama machweo.
Miaka saba mama yangu anamwita "mgeni wetu"
kwa ile sauti inayouliza mgeni anaondoka lini.
Mara mbili alipimwa hapa hapa Tabora, mara mbili hana tatizo,
nami nikaisoma karatasi yake
nikasema hawa kazi hawaijui.
Mimi ninayepandisha mzinga mtini peke yangu,
nikapimwe nini?

Daktari alikuwa mwanamke. Nilitazama viatu vyake.
Akasema nguvu za kiume ni habari moja, mbegu ni nyingine,
hazilali nyumba moja.
Akauliza matubwitubwi ya ukubwani. Hapana.
Upasuaji wa ngiri? Hapana.
Akauliza kisonono.

Feni ilikuwa inalia kama bati lililolegea.

Urambo, msimu mmoja wa tumbaku, hela za mauzo mfukoni,
kisha vidonge sita vya rangi mbili
nilivyonunua kwa mtu aliyeuza pia betri na sabuni.
Maumivu yakaisha. Nikahesabu nimepona.

Akanichorea nyuma ya bahasha:
yuko mwanamume ambaye ndani hakitengenezwi kitu,
na yuko ambaye kinatengenezwa, njia imeziba.
"Homoni zako ziko sawa, korodani zina ukubwa wake.
Nadhani wewe ni wa pili. Nadhani. Sijasema najua."

Hapo nikaelewa, kwa lugha yangu.
Msitu wa Ipole nina mizinga arobaini na mitatu.
Upo uliokufa: ukiugonga unajibu kama ngoma.
Upo ambao mchwa wamejenga udongo mlangoni,
nyuki hawatoki, mpita njia anasema huu mtupu,
lakini weka sikio kwenye gome
usikie mngurumo.
Huo hauchomwi moto. Unafunguliwa, polepole,
na wakati mwingine ukifungua umechelewa.

Akataja safari ya Dar:
upasuaji wa kuunga mrija mwembamba kama uzi,
huenda ukapitisha, huenda usipitishe;
au sindano, kuzifuata mbegu huko huko zilipo
zikutanishwe na yai nje ya mwili, kwenye chombo.
Akataja bei. Nikaigeuza ndoo za asali,
nikafika sabini, nikaacha kuhesabu.

Jumapili tulikula matobolwa kwa mama.
"Mgeni wetu hali karanga?"
Nikasema, Mama, si Kalunde. Ni mimi.
Nimepimwa mara mbili, imeandikwa.
Akanitazama kama ninayemfichia mke aibu,
akanitazama tena, sasa kama nilipokuwa mdogo na homa.
Halafu akaisogeza sahani upande wa Kalunde.
Hakuomba radhi. Sahani tu.

Njiani nilisukuma baiskeli, Kalunde pembeni.
"Miaka saba," akasema.
Nilitafuta neno toka kwenye reli mpaka kwenye kisima.
Sikulipata. Baiskeli ikawa inalia mnyororo.

Usiku, taa imezimwa, nikadhani amelala.
"Hiyo sindano," akasema, "inauma?"
Nikasema sijui, nadhani inauma.
Akavuta shuka.
"Vizuri."
Na chini ya shuka mkono wake ukautafuta wangu,
ukaupata, ukaubana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.