Kinachodondoka Kwetu

Kwetu Uru ukidondosha kitu usikikimbilie.
Simama kwanza, usikilize:
kifuniko cha sufuria kitalialia juu ya mawe ya mfereji,
kitapenya migombani,
kitafika kwa Beati,
kitanyamaza.
Basi, kimeshakuwa cha watu.

Mpira wetu wa matambara uliishia huko.
Ndoo ya bluu ya Mbuyuni, haijamaliza hata wiki.
Siku moja gurudumu la toroli la kaka Felichesmi
lilishuka peke yake kama mtu aliyeitwa,
likakutwa jioni limelaliwa na kuku.

Kinachopanda ni majani ya ng'ombe tu,
nayo hayapandi kwa miguu yake.
Yanapanda kichwani kwa mama, kutoka tambarare,
na shingo ya mama inajua kila kona.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye parachichi.
Mti wetu, mizizi yetu, kivuli chetu, popo wetu;
tunda likiiva linaanguka, linabingirika,
linaliwa kwa Beati na chumvi.
Baba akaenda kwa balozi.
Balozi akakuna kidevu: "Mti ni wako.
Mteremko ni wa Mungu."
Watu wakacheka. Baba akajenga uzio wa matete.

Miaka mitatu walisalimiana kanisani tu,
Tumsifu Yesu Kristo,
Milele amina,
kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake.

Kisha ikaja ile masika.
Usiku, chini ya kelele za bati, tulisikia lori likimwaga kokoto,
na kwetu lori halifiki.
Asubuhi kihamba kilikuwa kimepungua kama mkate ulioumwa:
mikahawa kumi na mitatu, tuta la babu,
na kona ile tuliyomzika babu mwenyewe,
nusu yake.
Vyote vimelala mlangoni kwa Beati,
vyeusi, vinono, bure.

Baba alisimama ukingoni, mikono nyuma.
Hakusema kitu. Angesema nini?
Sheria ya mteremko tuliijua sote.

Siku ya tatu, ukungu haujainuka,
tukasikia pumzi za mtu.
Beati, debe kichwani.
Nyuma yake Restituta na kiroba,
nyuma yao mtoto na sufuria, imejaa udongo,
ulimi nje kwa uangalifu.
Wakamwaga. Wakashuka.
Wakapanda. Wakamwaga.

"Beati, unafanya nini?"

Akashusha debe. Akahema mpaka akamaliza.
"Parachichi nimekula, sikatai.
Babako sitamla."

Felichesmi alihesabu kwa mkaa kwenye mlango wa jiko,
mistari mitano mitano,
akafika mia mbili na sita, mkaa ukaisha.
Wakati huo baba alikuwa ameshachukua koleo,
yuko chini kule, anajaza,
na mama anamtuma mtoto wa Beati
apeleke ndizi kwao, apeleke chai kwetu,
mpaka mtoto akasahau kwao ni wapi.

Uzio haukubomolewa. Baba si mtu wa kuonekana ameshindwa.
Ila matete ya upande mmoja
yalichukuliwa siku ya mvua kuwashia moto,
na hakuna aliyekumbuka kuyarudisha.
Pengo lenyewe, ukilipima,
ni la upana wa parachichi. Kubwa kidogo.

Mimi sasa napanga chumba Majengo, mjini Moshi.
Sakafu ni ya saruji, imenyooka kama daftari.
Juzi nilidondosha kijiko.
Kikatulia pale pale kilipoangukia,
hakina pa kwenda, hakina wa kumfikia.

Nami sikukiinamia.
Nilisimama kwanza,
nikasikiliza.