Magunia Saba

Hela ya misimu mitatu ya viazi
ilikuwa ndani ya simu, haina uzito,
lakini usiku niliamka kuipapasa.

Tukashuka kutoka Matamba mwezi wa sita,
sakitu imelala mashambani kama chumvi ya kumwagika.
Kona hamsini na saba mpaka Chimala.
Yusta alizihesabu kwa sauti,
akapotea kwenye thelathini na kitu,
akanyamaza mpaka Uyole.

Kwa Chaula, pikapu zimesimama kwa mstari
zikitazama barabara kama ng'ombe wa mnadani.
Landikruza, mkonga wake juu:
"Hii matope ya Kitulo inayanywa kama togwa,"
alisema Chaula, na bei akainong'ona
kama mtu anayetaja jina la ugonjwa.
Ranja ya bluu, inanukia marashi bado.
"Hiyo mwachie mwenye fundi wa kompyuta."
Isuzu rangi ya udongo, milango minne, bodi fupi.
Na Hailaksi nyeupe,
milango miwili,
bodi ndefu kama kitanda cha bwana harusi.

Mimi moyo wangu ulishapanda Hailaksi.
Nilipima bodi kwa hatua, nikapima kwa shubiri,
nikafumba macho nikapanga:
magunia kumi na nane,
na kijana mmoja juu wa kushika kamba.
"Spea zake," nikamwambia Yusta,
"unazipata hata kwa muuza dagaa."

Yusta hakuwepo.
Alikuwa ndani ya Isuzu, kiti cha nyuma,
amejifungia,
mikono juu ya magoti.
Niligonga. Akateremsha kioo kidogo.
"Hii tunapoteza magunia mangapi?"
"Saba."
"Saba," akasema. Hakushuka.

Siwezi kusema nilikumbuka.
Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimeupa mgongo tu
ule usiku wa Machi:
pikapu ya kukodi, Ahimidiwe na miaka yake minne,
kifua kinapiga filimbi,
mama yake amempakata kule nyuma juu ya viazi,
turubai linachapwa na upepo, mvua inaingia kwa pembeni.
Mimi nilikaa mbele na dereva.
Nilisema nitamwelekeza njia.
Njia ya hospitali ni moja.
Kwenye kona nilisikia viazi vikihama.
Sikusikia mtu.

Asubuhi mtoto alipumua. Yusta alikamua kitenge chake
nje ya wodi, maji yakatoka na udongo,
akaniuliza kama nimekula.
Basi. Miaka sita, hajaongeza neno.

Nikaanza hesabu: magunia saba,
mara safari nne, mara bei ya Mei…
Chaula akabofya kalamu.
"Mzee, tunaandika ipi?"
Nilimwonyesha kwa kidevu,
maana mdomo ulikuwa bado unazidisha.

Tulivyopanda kurudi, hakuhesabu kona.
Alilala, mdomo wazi kidogo,
kiti cha nyuma kile kile, peke yake,
na mimi dereva wa mtu mkubwa.

Sasa msinifanye mwema.
Jumatatu ya kwanza ya mavuno bodi ilijaa,
gunia moja likabaki chini linanitazama.
Nikaangalia kulia. Nikaangalia jikoni.
Nikalipandisha kwenye kiti cha nyuma,
nikalifunga mkanda.

Ahimidiwe akaja na begi lake la darasa la tano,
akalisukuma kwa nyonga apate nafasi:
"Baba, na huyu anakwenda shule?"
Lukelo akacheka mpaka akadondosha kiatu.
Yusta alikaa mbele, akafunga mlango polepole,
akatazama mbele, shavu moja likitetema.

Nikawasha. Kioo kimejaa sakitu,
tukangoja injini ipate joto.
Sita, nikajisemea.
Tunapoteza sita.