Mtoto Yuko Wapi?

Nimekaa benchi la watoto, magoti yanagusa kidevu.
Ukutani kachorwa twiga, rangi ya shingo imebabuka.
Muuguzi kaja na daftari: "Raya Shaame Kombo!"
Naam.
Akatazama mapajani pangu,
akachungulia nyuma ya buibui.
"Mtoto yuko wapi, mama?"
Mtoto ndiye mimi.
Nina miaka thelathini na mbili.

Nilipasuliwa nikiwa na sita.
Tulipandishwa ndege, watoto wanane na mama zetu,
midomo yetu rangi ya zambarau mbivu.
Huko ng'ambo wakanifungua kifua, wakanitia kiraka, wakanifunga.
Tuliporudi Wete akachinjwa mbuzi, yakasomwa maulidi,
na mtaa mzima ukasema: Raya kapona.
Neno hilo nililivaa kama sare ya skuli
mpaka likanibana makwapani.
Nani angejua kuwa mwili hukua
na kiraka hakikui?

Kliniki ya wakubwa nilikwenda pia.
Wazee wa presha na sukari wakanisogezea nafasi:
"Umemleta nani, mwanangu?"
Daktari akanisikiliza kifua, akasita,
akauliza kovu hili la nini,
kisha akaandika: apelekwe kwa daktari wa watoto.
Ndivyo nilivyorushwa miaka minne,
mpira wa makuti, huku na huku, na karatasi mkononi.

Kazi yangu kushona kofia.
Nachoma kitundu kwa sindano, nakizungushia uzi kisizibe;
kofia njema ni ya vitundu, kichwa kipate hewa.
Moyo umekataa sheria hiyo.
Wake tundu huzibwa ndipo mwenyewe apumue.
Kofia moja miezi miwili,
na usiku, uzi ukinikatikia, hujiuliza
fundi wangu alipiga mishono mingapi,
na kama alichoka, na kama alikunywa chai.

Naishi Michenzani, ghorofa ya nne.
Zamani nilipumzika mara moja tu,
kwa Bi Zuwena, mlango wa kijani.
Siku hizi napumzika kila ngazi inapopinda,
najifanya natafuta funguo.
Makame, mume wangu, hubeba ndoo bila kuuliza.
Mama mkwe ndiye huuliza,
wala si habari za ngazi.

Leo muuguzi yule, baada ya kucheka, nami kucheka,
akanishika mkono: "Chumba cha mwisho,
ukishapita stoo ya magodoro. Jumanne moja tu kwa mwezi."
Humo nikamkuta Daktari Salha Mbarouk.
Kasomea hili: mioyo iliyozaliwa na kasoro
ikakua nayo, ikaolewa nayo, ikapanda nayo ngazi.
Sikujua kama sisi ni somo.

Akanilaza ubavu wa kushoto, akanipaka ute wa baridi.
Kwenye kioo, moyo wangu, kijivu juu ya weusi,
na valvu moja inapepea
kama pazia la mlango uliopoteza komeo.
"Kiraka kimekaa. Hapa pembeni panavuja kidogo.
Valvu hii ndiyo inayokuchosha ngazi."
Inayonichosha ngazi!
Mtu kauona mlango wa Bi Zuwena ndani ya kioo.

Hakusema nimepona.
"Utakuja kila miezi sita," akasema, "maisha yako yote,"
na mimi, wallahi, nikasikia kama nimealikwa harusini.
Nikamuuliza lile la mama mkwe.
Akaweka kalamu chini, akavuta kiti.
"Hilo lina hesabu zake. Njoo na mumeo tulizungumze."
Miaka yote hiyo, wa kwanza kulivutia kiti.

Nilipotoka, chini ya twiga kakaa kijana,
sharubu zinaanza, kucha za buluu,
mama yake kakumbatia faili kama mkoba wa pesa.
Muuguzi anageuka huku na huku:
"Mtoto yuko wapi?"
Kijana kainamisha kichwa.
Nikamgusa bega.
Chumba cha mwisho, nikamwambia,
ukishapita stoo ya magodoro.