Kopo la Rangi

Tuliiona Mei, Jumamosi, saa tano asubuhi,
siku ile moja Burnley ilipolipwa jua lake la mwaka mzima.
Hilo ndilo kosa la kwanza, Mshamu,
ingawa sisi tuliliita bahati.
Nyumba hutazamwa kwenye mvua.
Hutazamwa usiku, jirani akiwa amelewa.

Ndani mlinukia mkate uliotoka jikoni sasa hivi,
na rangi mbichi chumba cha nyuma, ukuta mmoja tu.
Nikasema, watu wasafi hawa.
Wewe ulikuwa dirishani, wapima pazia kwa shibiri.

Dalali, kijana Gareth, viatu vyembamba,
alituita kwa majina yetu, akayatamka sawasawa,
nasi tukayeyuka kama samli.
Alicheka nasi ngazi nzima kwenda juu.
Tulisahau kuuliza anakula kwa nani.
Mshahara wake ulitoka mfukoni mwa muuzaji,
na kicheko chake pia.

Tulikuwa tumeshapoteza nyingine, ile ya Mtaa wa Alma.
"Wamekubali bei!" Ukapiga simu Tanga,
mama akapiga vigelegele,
nami nikanunua zulia.
Kumbe huku neno ni upepo
mpaka karatasi zibadilishane mikono.
Akaja mwingine na elfu tatu juu yetu.
Zulia likalala miezi saba chini ya kitanda cha kupanga,
limeviringishwa, kama maiti isiyo na kaburi.

Kwa hiyo safari hii tulikuwa na haraka.
Mkaguzi? ulisema. Paundi mia sita
kumlipa mtu agonge kuta? Benki imeshatuma wake.
Kweli ilituma. Alikaa dakika kumi na mbili;
jirani alituambia baadaye, hata gari hakulizima.
Benki ilikagua kama pesa yake imekaa pema.
Paa lilikuwa shauri letu.

Desemba ukuta ukaanza kusema.
Kwanza doa, mfano wa sarafu,
kisha kisiwa, kisha kisiwa na vijisiwa vyake,
na ule ubaridi ukiweka kiganja,
kama paji la uso la mtu aliyeaga.
Wahenga walituonya juu ya ufa usiozibwa.
Ufa uliozibwa kwa rangi hawakuusemea.

Nikalikuta kopo stoo, chini ya ngazi,
nyuma ya mita ya gesi: rangi ya maziwa,
kifuniko kimegandia,
brashi juu yake ngumu kama kwato.
Aliyetuuzia hakujali hata kulificha.
Miaka tisa sasa, sijalitupa.

Na leo zamu ni yetu.
Umetaja bei ya moyo, si ya soko:
umejumlisha jiko jipya,
vigae ulivyobandika mwenyewe kwa magoti mabovu,
umejumlisha na Rukia kuzaliwa humu.
Nani atalilipia hilo?
Dalali mpya anasema, wasipouliza, msijibu sana.
Alhamisi nikakukuta chumba cha nyuma,
magazeti sakafuni, brashi ya dukani mkononi.
Sikusema kitu. Nawe hukupaka.
Ukalisogeza kabati badala yake.

Walikuja saa tisa, mvua inanyesha, vijana wawili.
Yeye, Imogen, tumbo limeanza kuonekana,
alikwenda moja kwa moja dirishani
akapima pazia kwa shibiri.

Nikasukuma kabati.
"Weka mkono hapa," nikamwambia.

Wamepunguza elfu nne. Leo siku ya tatu
hunisemeshi ila kuomba chumvi.
Kopo nimeliacha palepale, nyuma ya mita.
Siwajui vile. Nao ni watu,
na ipo siku nao watauza.