Kiberiti Nyuma ya Tairi

Viko viwili pale yadi, Victoria,
vyekundu vyote, vifupi, havina buti la kujitokeza,
nyuma vimekatwa wima kama mkate uliopitiwa kisu.
Mwaka mmoja, injini moja, silensa zenye kiburi kilekile.
Chande wa yadi akanijia kwa gia ya heshima:
"Dada, hiki oto, hiki cha mkono. Bei nitakuangalia."

Nilikuwa nimeshaamua, jamani.
Fedha ya kikoba, miaka mitatu, imo kwenye simu,
na jibu limo kichwani: oto.
Naishi Mbagala Kizuiani, kazini Posta, ghorofa ya sita,
nahesabu makontena ambayo sijawahi kuyaona.
Barabara ya Kilwa ikifunga, unasogea urefu wa kanga moja,
unasimama.
Kanga nyingine.
Unasimama.
Na goti langu la kushoto lina kesi yake,
ya netiboli, ya tangu shule, haijapata hakimu.

Nikakijaribu cha oto, mpaka Mwenge na kurudi.
Laini! Kinabadili chenyewe, husikii,
kama mhudumu anayeondoa sahani hujamaliza kutafuna.
Kwenye taa za Bamaga
mguu wa kushoto ukainuka bila kutumwa,
ukakanyaga zulia.
Hapakuwa na kitu.
Ukakanyaga tena,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akidhani imebaki moja.

Mjomba Mbwiga alikuwa na pikapu ya kubebea vioo.
Jumapili alinipeleka kilima cha Changanyikeni,
vioo vikigongana nyuma yetu kama meno ya mwenye homa.
Katikati ya mwinuko alisema simama,
akashuka, akaweka kiberiti nyuma ya tairi.
"Balansi. Ukikivunja, unanunua kingine."
Nilinunua viberiti kumi na kimoja.
Muuza duka akadhani nyumbani tunapika usiku na mchana.
"Usisikilize kwa masikio," mjomba aliniambia,
"injini inasemea kwenye kiti."
Cha kumi na mbili kilibaki kizima.
Hakunisifu. Alikiokota, akawashia sigara,
akatazama mbali, akacheka puani.

Basi, nipe ufunguo wa kile kingine.

Kikanizimikia getini,
mbele ya vijana waosha magari, na ndoo zao, na maoni yao.
"Mama, kiache hicho!"
Nikawasha. Moja. Mbili.
Baada ya Makumbusho barabara ikafunguka kidogo,
nikatia ya tatu, na kile kigari
kikajikunja, kikaruka,
na mimi, mhasibu, mwenye miaka arobaini na mmoja,
nikapiga ukelele ndani ya vioo vilivyofungwa.

Kurudi, kuna kimwinuko pale mlangoni pa yadi.
Bodaboda kaninatia nyuma kama stempu.
Mguu juu kidogo. Kiti kikanong'ona.
Hatukurudi nyuma hata unene wa njiti.

"Ila nikwambie ukweli," akasema Chande,
"hiki kukiuza tena ni kazi. Siku hizi watu hawajui klachi."
Nikamkumbuka shemeji Kibwana,
anayeazima kila chenye matairi
akakirudisha taa ya mafuta inawaka,
na kiti kimelazwa, na maganda ya karanga.
"Hawajui kabisa?"
"Kabisa, dada."
Pale pale nikabadili gia angani.

Nyumbani nimewaambia sababu ni bei.
Kibwana amekizunguka mara mbili, amechungulia,
amehesabu pedali, ameondoka na simu sikioni.
Kiberiti nimekiweka kwenye droo ya dashibodi. Sivuti.

Sisemi nimechagua vizuri.
Jana, foleni ya Mtongani, saa kumi na mbili unusu,
goti likaamka na faili lake lote.
Nikaliambia: ngoja kwanza,
wa mbele wamesogea kanga moja.