Mzigo wa Taa

Dizeli ilipokoma kupanda milima ya Pamir
mwalimu Nekqadam alikuja kwetu na ndoo,
ndoo ya lita kumi na mbili, kovu la risasi ubavuni,
akanivua glavu, akanifunga saa yake mkononi.
Hesabu, akasema.

Nikahesabu. Kijito kiliijaza ndoo
kabla sijamaliza kulitamka jina langu.
Sekunde moja. Akairudia mara kumi,
maana fizikia, alisema, haina adabu:
ukiidanganya kidogo inakuumbua hadharani.

Akapima poromoko kwa mpira wa bustani na macho yake mabovu.
Mita tatu. Akapiga hesabu kwenye gunia la unga:
nusu itaibwa na ekseli, mnyororo na uzembe wetu,
nusu itakayobaki ni taa saba za nyuma ya lori.
Nyumba zetu zilikuwa saba. Hakutabasamu.

Gurudumu la kwanza tulilizamisha miguu tu.
Maji yakapita chini yake
kama mgeni asiyetaka chai.
“Yakikimbia yana kelele,” mwalimu akasema,
“yakikaa kikombeni yana uzito.
Sisi tunataka uzito.”

Basi tukapasua mapipa, tukayaleta maji kwa juu,
kwa mfereji wa mpopla uliochongwa na kaka yangu Davlatmir.
Vikombe ishirini na vinne, virefu mno:
viliyang'ang'ania maji hadi chini
vikayapandisha tena upande wa pili,
kama mtu anayehama na vumbi la nyumba ya zamani.
Tukakata midomo yao. Tukakata tena.
Kidole cha Davlatmir kina alama ya kikombe cha kumi na saba.

Qozidavlat mwenye kinu cha chini akaja na fimbo.
Mkishayanyonya umeme, akasema,
maji yatanifikia makapi,
na shayiri ya nani itaota kwa makapi?
Mwalimu akakinga bakuli chini ya gurudumu, akampa.
“Onja. Yamepungua nini?”
Mzee akaonja, akafikiri, akatema.
“Yamechoka.”

Jioni ile dainamo ya Kamaz ilikohoa,
nyuzi ndani ya kioo zikawa nyekundu, kisha njano,
na mama, badala ya kushangilia,
akatazama dari.
Masizi ya miaka yote yalikuwa pale juu, meusi, yamenona,
na majirani wanayaona.
Akapanda ngazi na kitambaa, akaanza kusugua.
Kwenye nyumba zote saba walikuwa wakisugua.

Usiku wa manane, kwa adabu ya watu wasiopoteza kitu,
kila nyumba ikazima taa yake.
Tukalisikia gurudumu likipagawa.
Lilikimbia bila cha kubeba,
mnyororo ukipiga mayowe, mapipa yakitema misumari,
na mwalimu mwenye nguo za kulalia akishuka kwenye theluji
akituita kwa majina yetu ya rejesta:
Washeni! Washeni! Mzigo! Lipeni mzigo!

Hivyo ndivyo tulivyojifunza kulala na mwanga.
Na Januari, barafu ilipotafuna kingo za mfereji,
lisingesimama: kinachozunguka huganda mwisho.

Mwalimu hayupo sasa. Ndoo ninayo.
Wa nyumba ya pili wako Moscow, wanafagia theluji ya watu.
Wa ya tatu na ya nne, Moscow.
Davlatmir, Moscow, miaka sita, sauti yake hukatika simuni
kila anapotaja kurudi.
Ninabadili grisi, ninakaza boliti,
na giza likiingia nazunguka na funguo za wenyewe,
nafungua, nawasha, nafunga.

Dereva anayepita barabara ya ng'ambo
huona kijiji kizima kiko macho.

Taa ya kaka huwashwa na mama mwenyewe.
Huifuta kwanza kwa pindo la kilemba.
Akiulizwa, husema
ni kwa ajili ya gurudumu.